Joto Fupi

Mwantumu Semkiwa alikuwa ameegemea bomba la pipa namba tatu, kiganja kimelala juu ya chuma. Vipimo vilikuwapo ukutani, vinasoma joto mpaka sehemu ya kumi ya digrii, lakini baada ya miaka ishirini na miwili kazini aliamini kiganja kwanza na namba baadaye. Ndani ya pipa hilo zilikuwamo tani kumi na moja za hamira, uji mzito wa rangi ya maziwa yaliyoingia majivu, uliokuzwa kwa juisi ya majani ya mkonge. Asubuhi hiyo uji ulikuwa umeshapandishwa hadi digrii sitini na nane kwa sekunde chache, ukashushwa hadi hamsini, na sasa ulikuwa unangojwa. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kungoja. Akiharakisha aliharibu, akichelewa aliharibu.

Mji mzima wa Kwemlombo ulikula kutoka kwenye mapipa manne ya aina hiyo. Mahindi yalikuwa hayafungi punje tangu mwaka ule usiku ulipokataa kupoa. Chavua ilikaangika juu ya maua kabla haijazigusa ndevu za mhindi. Watu walilima mara tatu, mara nne, wakaacha. Mashamba ya zamani ya mkonge yaliyodharauliwa na kila mtu ndiyo yaliyobaki yamesimama, na hamira ikajengewa kiwanda katikati yake. Unga wake uliitwa unga wa pipa. Watoto waliozaliwa baadaye hawakujua kwamba ugali uliwahi kuwa mweupe.

Injinia Elieza Mshana, meneja wa kiwanda, aliingia na barakoa yake mkononi badala ya usoni. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na Mwantumu ndiye aliyemfundisha kazi siku alipokuja na cheti chake kipya na viatu visivyofaa sakafu yenye maji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujalala."

Alisema atalala. Kisha akaeleza alichokuja kueleza, macho yake yakiwa kwenye vipimo. Watu wa mji wa Magiri walikuwa wameingia tangu alfajiri, wakifuata njia ya reli kwa miguu. Kiwanda chao kilivamiwa na vijidudu vya porini miezi minne iliyopita, hamira yote ikachacha, na hawakufaulu kuiotesha upya. Alikuwa amewahesabu mara mbili: watu elfu kumi na nne, sasa wamelala kwenye maghala ya katani. Kwa hesabu ya kawaida, akiba ya mji ingewatosha wote siku tisa.

Mwantumu alijua sentensi inayofuata kabla haijatamkwa. Joto kamili, lile la kungoja na kuosha, lilipoteza kilo thelathini na tano katika kila mia. Zilikwenda na maji ya kuoshea, na ziliposhakwenda hazikurudi. Joto fupi halikupoteza kitu. Uji ulipelekwa moja kwa moja hadi digrii tisini, ukakaa hapo dakika kumi, ukaenda kukaushwa. Pipa lililopikwa kwa saa nne lilipikwa kwa nusu saa.

"Kuanzia Alhamisi," Elieza alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka mapipa mapya yafike."

"Mara ile pia mliniambia hivyo hivyo."

"Mara ile sikuwepo, mama."

Ilikuwa kweli. Hakuwepo. Aliyekuwepo ni yeye Mwantumu, na dole gumba lake. Mtambo wa joto ulifungwa kwa namna ambayo haukukubali kubadili mpango wowote bila dole la msimamizi wa joto, na msimamizi alikuwa mmoja tu. Waliousanifu walidhani mtu mmoja atakuwa mgumu kushawishika kuliko kamati. Miaka tisa iliyopita, bwawa lilipokauka, aliambiwa aweke dole, akaweka. Walisema ni kwa wiki sita. Ikawa miezi kumi na minne.

Aliuliza kiroba kitaandikwa nini. Elieza aliitazama barakoa yake.

"Kama kawaida," alisema. "Joto kamili."

Mwantumu hakugomba. Alisema atatoa jibu kesho yake, akarudisha kiganja kwenye bomba. Zilikuwa zimebaki dakika arobaini za kungoja.

* * *

Adhuhuri alikwenda nyumbani. Mumewe, Mbaruku, alikuwa barazani na mguu wa kulia ndani ya beseni la maji, anasokota kamba ya katani. Zamani alikuwa dereva wa boza la maji na hakuna barabara ya wilaya ile asiyoijua. Kisha dole gumba la mguu likavimba, likawa jekundu, likapoa; likavimba tena, na kifundo cha mguu nacho kikafuata. Zahanati ilisema ni jongo. Hakuweza tena kukanyaga klachi bila kutoa machozi, akarudisha funguo. Mikono ilikuwa mizima bado, ndiyo maana alisokota kamba.

Katika Kwemlombo wagonjwa wa jongo na wa mawe ya figo walikuwa elfu mbili na mia sita. Zahanati iliwaeleza kwamba ni ukavu, ni joto la nchi, ni maji kidogo. Maneno hayo hayakuwa uongo. Yalikuwa nusu.

Mwantumu aliketi kwenye ngazi, akamweleza habari za Magiri na za akiba ya siku tisa. Mbaruku alisikiliza huku akisokota. Alipofika kwenye joto fupi mumewe aliuliza ubaya wake ni nini, kama hamira inakufa na chakula kinapatikana. Hapo Mwantumu aliomba ile kamba.

Aliishika ncha, akaisokotoa mpaka nyuzi mbili zikaachana. Alimwambia kwamba ndani ya kila chembe ya hamira mna protini, na mna nyuzi za urithi, ndefu, nyingi kupita kiasi kwa sababu hamira inakua haraka. Protini imejikunja kama fundo. Joto linaifungua, inanasana na wenzake, inaganda, kama ute wa yai kwenye kikaango. Hilo halina ubaya. Tumbo linaisaga vizuri zaidi ikiwa imefunguka. Tatizo ni nyuzi.

"Joto linazisokotoa hivi," alisema, "lakini halizikati. Ukizila nzima, mwili unazigeuza tindikali ya mkojo. Ikizidi, inaganda vipande kama vya kioo, kwenye viungo, kwenye figo."

"Ila huwa mnazikata."

"Si sisi. Kisu kimo ndani ya hamira yenyewe, kimeng'enya. Tunafungua ukuta wa chembe kwa moto wa sekunde chache, halafu tunashusha joto tukingoje kikate, vipande vitoke nje na maji. Ila kisu chenyewe nacho ni protini. Ni kama kisu cha nta. Kwenye hamsini kinakata. Kwenye tisini kinalegea kabla hakijagusa kitu, na nyuzi zinabaki zilivyo."

Mbaruku aliiangalia kamba iliyosokotoka mkononi mwa mkewe. Alikuwa mtu wa kufikiri taratibu, na mwenye kufika.

"Ule mwaka wa bwawa," alisema.

"Ndiyo."

"Nani aliyeweka dole?"

"Mimi."

Alitoa mguu kwenye beseni, akaukausha kwa ncha ya kikoi, polepole, kidole kimoja kimoja. Mwantumu alitaka kusema mambo mengi. Kwamba yeye pia aliula unga huo. Kwamba binti yao Salha, aliyekuwa na miaka kumi na mbavu za kuhesabika, aliishi kwa unga huo huo na leo yuko chuoni Tanga. Alisema hili la Salha tu, na lilipotoka mdomoni alijua limetoka vibaya.

"Hilo sijakuuliza, Mama Salha," mumewe alisema. "Miaka minne unanikanda mguu huu. Nakuuliza ungeniambia lini."

Mwantumu alikuwa ameitafuta siku hiyo miaka yote, akaiahirisha kama mtu anavyoahirisha kung'oa jino, na sasa imekuja kwa sababu ya watu wa Magiri, si kwa sababu yake. Mbaruku aliinuka, akajikongoja hadi ndani. Mwantumu alimsikia akiviringisha mkeka, kisha mlango wa chumba cha Salha, kilichokuwa kitupu tangu binti aondoke, ukifungwa polepole.

* * *

Kesho yake asubuhi Elieza alimchukua kwenda kuona maghala, na Mwantumu alielewa ni kwa nini. Hakumlaumu. Angekuwa yeye ni meneja angefanya vivyo hivyo.

Watu walikuwa wamelala kwa safu kati ya marobota ya katani. Kilichomshangaza ni ukimya. Watu elfu kumi na nne na hakuna kelele. Mama mmoja alikuwa analowesha kidole kwenye kikombe cha maji na kumpakaza mtoto mdomoni, mara kwa mara, kwa utaratibu, kama anayefanya kazi ya zamu. Mwanamke mwingine, mrefu, khanga kiunoni, ndiye aliyekuwa akiwapanga wagonjwa karibu na mlango. Alijitaja kuwa ni Zawena, mkunga. Aliwauliza kama kuna chakula, akaambiwa kipo cha siku tisa, akashukuru, akarudi kwa wagonjwa wake.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Mwantumu alisema ataweka dole. Elieza alifumba macho kidogo. Kisha akasikia masharti.

La kwanza, viroba viandikwe joto fupi, na maana yake iandikwe. La pili, yeye mwenyewe awaeleze watu kabla ya kugawa. La tatu, pipa namba moja libaki kwenye joto kamili kwa ajili ya wagonjwa elfu mbili na mia sita, hata kama mgao wao utakuwa nusu, kwa sababu kuwaongezea hao nyuzi ni kuwamaliza.

Sharti la tatu Elieza alilikubali hapo hapo. Yale mawili yalimtoa jasho. Alieleza, bila kupandisha sauti, yaliyotokea Magiri: siku ilipotangazwa kwamba unga umeingia vijidudu, watu walimwaga hata ule wa zamani uliokuwa salama. Walimwaga chakula cha wiki tano mchangani. Nusu ya waliokufa njiani, alisema, walikufa kwa tangazo.

"Ukiwaambia, wapo watakaokataa, mama. Na watakaokataa watakufa mwezi huu, siyo baada ya miaka mitano. Jongo linauma. Njaa inaua. Wewe umefanya hesabu hii kabla yangu."

"Nimeifanya. Iko sawa."

"Sasa?"

"Mara ile niliwalisha watu elfu thelathini bila kuwauliza," Mwantumu alisema. "Siwezi tena, Elieza. Usidhani ni wema. Nimechoka kukutana nao."

Elieza alisema itabidi aandike taarifa mkoani, na mkoa utafuta dole lake kwenye mtambo, pengine ndani ya mwezi. Mwantumu alisema sawa. Walirudi kiwandani wakiwa wamefuatana, na mchana huo waliketi pamoja ofisini kuandika maneno ya viroba. Mara mbili Elieza alifuta sentensi moja, na mara mbili Mwantumu akairudisha.

* * *

Mwantumu alizungumza na watu Alhamisi saa tatu asubuhi, kwenye uwanja wa kugawia, akiwa amesimama juu ya mzani mkubwa ili aonekane. Wenyeji walikuwa upande mmoja, watu wa Magiri upande wa pili. Hakuwa msemaji. Aliwaeleza habari ya nyuzi na kisu cha nta kama alivyomweleza mumewe, akawaambia kwamba joto fupi liliwahi kupikwa hapo kwa miezi kumi na minne, kwamba hawakuambiwa, na kwamba dole lilikuwa lake.

Alitarajia mawe. Kilichokuja ni mnong'ono uliotambaa kutoka safu hadi safu, na watu wakitazama miguu yao. Mwanamume mmoja aliyetembelea magongo aligeuka akaondoka, magongo yakilia kwenye sementi, na uwanja wote ukamsikiliza mpaka alipotokomea. Mwanamke wa makamo alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mwanawe alikufa kwa figo, akataja jina la mwanawe, akakaa chini. Mwantumu alilirudia jina hilo. Hakujua afanye nini kingine.

Zawena, yule mkunga, aliinua mkono.

"Jongo lenyewe linakuja baada ya miaka mingapi?"

"Wengine minne, mitano. Wengine haliwapati kabisa. Wanaume wanalipata kuliko wanawake, na wanaokunywa maji kidogo kuliko wote."

"Na tusipokula?"

"Akiba inakwisha wiki ijayo."

Zawena aliwageukia watu wake, akawatazama kana kwamba anahesabu waliosimama na waliolala. Akasema yeye atakula, na watoto wote aliowabeba watakula, na kama miaka mitano ikifika wapo hai wa kulalamikia viungo basi watakuja kulalamika hapa hapa. Hakusema kwa hasira wala kwa ushujaa. Aliuliza mgao unaanza saa ngapi.

Watu wapatao mia mbili waliondoka uwanjani. Wengi wao walirudi kufikia Jumamosi. Wachache walishika njia ya kaskazini, na habari zao hazikupatikana. Wengine walibaki majumbani mwao na hawakuja kuchukua kitu, wazee hasa, na katika hao alikuwemo Mwalimu Nasoro, aliyemfundisha Mwantumu kusoma. Alituma ujumbe kwamba hana chuki, ila katika umri wake hataki kula kitu cha kukisia. Mwantumu alimpelekea kibaba cha unga wake mwenyewe, mara tatu. Alikikuta mlangoni mara tatu.

Siku ile ya Alhamisi, baada ya uwanja kutawanyika, aliingia kwenye chumba cha mtambo akaweka dole. Kioo cha mtambo kikamuuliza kama ana uhakika. Waliousanifu walikumbuka hata hilo. Akabonyeza. Mvuke uliingia pipa namba mbili, tatu na nne kwa pamoja, na sakafu ikatetemeka. Aliweka kiganja kwenye bomba hadi kikashindwa kuvumilia. Themanini. Themanini na tano. Kupitia kidirisha aliuona uji ukibadilika, ukiacha kung'aa, ukishikana mapande mapande. Kila kitu kilichokuwa kimejikunja kwa ustadi kilikuwa kinafunguka na kunasa popote kilipogusa, na vile visu vidogo vyote, mabilioni ya mabilioni, vililegea bila kukata. Katika tisini alianza kuhesabu dakika kumi. Zilikuwa fupi sana.

Wiki ya tatu Elieza alimjia ghalani. Vifo vya Magiri vilikuwa vimesimama. Mtoto wa mwisho kufa kwa njaa alikufa siku ya sita. Alimpa habari hiyo kwanza. Kisha akamwambia idadi ya waliokufa kwa kukataa unga, wenyeji na wageni.

"Kumi na mmoja," alisema. "Na Mwalimu Nasoro jana asubuhi."

"Pamoja naye?"

"Pamoja naye."

Alimwangalia kama anayesubiri kuona litakalompata. Halikumpata lolote la kuonekana. Mwantumu alichukua kitambaa, akafuta vumbi la unga mezani, akauliza mazishi ni lini. Jioni angekwenda, angeketi na wafiwa, na kama wangemtaka aondoke angeondoka.

Siku hiyo ilikuwa ya mgao. Alikuwa ameomba mwenyewe kukaa mezani, na hakuna aliyegombea nafasi hiyo. Mzee Kihiyo, mkata mkonge wa zamani ambaye macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, alipopewa kiroba alipapasa maandishi kwa vidole akamwomba amsomee. Mwantumu akasoma: "Unga huu umepita joto fupi. Nyuzi zake hazikukatwa. Ukila kila siku kwa miezi mingi unaweza kukuletea jongo au mawe ya figo. Kunywa maji. Umepewa kwa sababu hakuna mwingine." Mzee aliitikia kwa kichwa, akajitwika, akaenda. Aliyefuata alikuwa na macho mazima, lakini naye alisogeza kiroba chake mbele. Na aliyefuata. Mwantumu akawasomea, mmoja mmoja, mpaka sauti ikaanza kukwaruza.

Foleni ya wagonjwa wa jongo ilikuwa ya mwisho, yenye viroba vidogo vya pipa namba moja. Mbaruku alikuwa katikati yake. Wiki tatu walikuwa wamepikiana, wamesalimiana, na mlango wa chumba cha Salha ulifungwa kila alipokwenda kulala. Alisimama mbele ya meza, uzito wote kwenye mguu wa kushoto. Mwantumu alimkabidhi kiroba chake. Yeye aliyesoma vibao vyote vya barabara za wilaya hakuangalia maandishi. Alikirudisha juu ya meza.

"Nisomee," alisema.

Mwantumu alikivuta karibu, ijapokuwa maneno aliyajua. Ndiyo yale Elieza aliyoyafuta mara mbili.

"Unga huu umepita joto kamili," alisoma. "Ni wa wale waliougua kwa joto fupi la kwanza, lililopikwa hapa miezi kumi na minne bila wao kuambiwa. Aliyelipika ni Mwantumu Semkiwa. Alijua."

Mbaruku alisikiliza hadi mwisho, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza.

"Rudia hapo mwisho."

"Alijua," Mwantumu alisema.

Mumewe alichukua kiroba, akakikumbatia kifuani, akasogea pembeni kumpisha mwenzake. Hakuondoka. Aliketi kwenye benchi la ukutani, akanyoosha mguu mbele yake, akabaki pale akimsikiliza akisoma mpaka kiroba cha mwisho.